Kava laini la pikapu kwenye theluji: lipi ununue, lipi uachane nalo

Wadau wa huku kwenye baridi, hili swali nimeulizwa mara nyingi mno tangu Oktoba ianze, nikaona niandike mara moja alafu niwe namtumia kila anayeuliza. Swali lenyewe ni hili: nina pikapu, nataka kufunika bodi ya nyuma, hela ya kava gumu la alumini sina, je haya makava laini ya turubai yatauvuka winta au yatanifia mkononi Januari?

Mi nipo Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, natembelea Ford F-150 ya bodi ya futi sita na nusu, kazi zangu ni za ufundi wa nyumba za watu, kupaka rangi, kubadilisha milango, kuziba ukuta, kwahiyo nyuma kuna vitu muda wote na nafungua kava mara nne tano kwa siku. Na gari inalala nje. Hiyo ya kulala nje ishike vizuri maana ndo inaamua karibu kila kitu hapa chini, mwenye banda la gari lililoungana na nyumba anaweza kununua chochote akaishi kwa amani, ushauri wangu ni kwa sisi tunaoamka saa kumi na moja alfajiri na brashi mkononi.

Jibu la haraka ni kwamba yanavuka. Ila sio yote, na mengi yanayokufa hayauliwi na theluji, yanauliwa na mwenyewe asubuhi akiwa amechelewa kazini anavuta kwa hasira. Ndo maana siyapangi kwa kitambaa. Kitambaa karibu yote ni ileile, nyuzi za polyester zilizopakwa vinyl, muuzaji akikwambia lake ni la kipekee mwache aongee. Mi naangalia kitu kimoja tu, linajifunga vipi kwenye bodi. Kufunga ndo kunagandwa, kunang'oka, kunapungua.

Kwanza ujue baridi inafanya nini. Vinyl kwa asili yake ni ngumu kama bomba la maji la plastiki, kinacholainisha ni mafuta maalum yanayochanganywa humo kiwandani. Joto likishuka yale mafuta hayafanyi tena kazi yake, turubai linakuwa gumu, mnakumbuka mafuta ya nazi asubuhi ya kipupwe yanavogoma kutoka kwenye chupa, ndo hivohivo. Na juu ya ugumu, linasinyaa. Kiangazi lilikuwa linalegea kidogo, Januari linakaza kama ngoma iliyoanikwa jua kali. Sasa hapa baridi sio ile mtu wa Lushoto anayosimulia kwa majivuno, tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilifika hasi 28 za Fahrenheit, yani kama hasi 33 za Celsius, na kuanzia hapa nahesabu kwa Celsius. Kwenye baridi ya namna hiyo turubai la zamani ukilikunja kwa nguvu linapasuka kwenye mkunjo, sio linachanika, linapasuka kama chapati kavu.

Pili uzito. Bodi yangu ina upana wa kama mita moja na nusu na urefu wa mita mbili, tuseme mita za mraba tatu. Theluji mpya ile nyepesi inayopeperuka ina kama kilo 50 mpaka 100 kwa mita ya ujazo, kwahiyo ikishuka ya sentimita 30 juu ya kava una kilo 45 mpaka 90 zimekaa pale. Hiyo turubai lililokazwa vizuri lenye vyuma vya kukatiza chini linabeba. Balaa ni ile theluji ya Machi iliyolowana maji, hiyo inafika kilo 300 kwa mita ya ujazo bila shida, kimo kilekile kinakupa kilo 270, yani watu wazima watatu na nusu wamekaa juu ya kitambaa. Linabonyea katikati, maji yanajikusanya kwenye bonde, usiku yanaganda, asubuhi una sahani ya barafu ambayo huwezi kuitoa bila kuharibu kitu. Kwahiyo hata ukinunua kava zuri kiasi gani, theluji ya Machi toka ukaitoe usiku uleule kabla hujalala. Najua unachoka, toka tu.

Haya tupange sasa.

Namba moja: la kuviringisha, linaloshika kwa kulabu kwenye reli

Hili linaviringishwa kuelekea kwenye kabini kama mkeka, na pembeni halina velkro (ule ukanda wa vindoano na vinyweleo vinavyonasana), lina ukingo mgumu unaoingia au kujipachika kwenye mfereji wa reli ya alumini. Kwanini nalipa namba moja, kwa sababu barafu ikijaa kwenye mfereji unaigonga na kiganja inatoka vipande, chuma hakina vinyweleo vya kushikilia barafu. Alafu mengi ya aina hii yana skrubu ya kukazia upande wa kabini, hiyo skrubu ni dhahabu, Novemba nailegeza mizunguko kadhaa kwa sababu najua turubai litasinyaa lenyewe, Mei naikaza tena. Bila hiyo skrubu unapambana na kava kila asubuhi mpaka mlango wa nyuma unakuwa adui yako.

Faida nyingine ambayo watu hawaioni dukani ni kwamba huhitaji kulifungua lote. Kwenye hasi 25 mi silizungushi mpaka mwisho hata unipe hela, nafungua nusu mita tu ya nyuma, navuta kisanduku cha vifaa kwa fimbo yenye ndoano niliyoitengeneza kwa mpini wa fagio, nafunga. Mkunjo mkubwa wa taratibu haupasui turubai, mkunjo mkali ndo unapasua.

Bei nilizoziona ni dola 350 mpaka 600 hivi kulingana na gari. Uzito ni kama kilo 20, unafunga mwenyewe kwa saa moja ukiwa na spana na klampu zake.

Ubaya wake ni kwamba kisu kinalifungua, mwizi hahitaji elimu. Na anayetaka kulitoa lote kwa siku moja abebe friji atalazimika kufungua klampu moja moja, ingawa kwa kuwa linaviringika lote mpaka kwenye kabini mara nyingi huhitaji kulitoa.

Namba mbili: la kukunja mara tatu

Hili lina fremu tatu za alumini zilizovishwa turubai, unakunja kipande juu ya kipande. Extang Trifecta ni mfano ambao wengi mtauona. Kwa asiye na muda wa kusoma maelekezo hili ndo kava, linashikwa na klampu nne tu, linaingia na kutoka kwa dakika tano, na vitasa vyake viko upande wa ndani kwahiyo mvua haiviloweshi moja kwa moja. Kila fremu inajibeba, halitegemei sana kukazwa kwa turubai zima, ndo maana kwenye theluji nyepesi linakaa sawa.

Limekosa namba moja kwa mambo mawili. Moja ni zile bawaba. Sio bawaba za chuma, ni ukanda wa vinyl uleule kati ya fremu na fremu, na ndo pale panapokunjwa mkunjo mkali kila siku, ukilitumia kwenye baridi kali miaka mitatu minne utaanza kuona mstari mweupe, alafu ule mstari unakuwa ufa, alafu siku moja unaona mchana kupitia kava lako. La pili, ukikunja bila kusafisha theluji yote inaporomokea ndani ya bodi, na ikiingia huko inayeyuka mchana inaganda usiku na vifaa vyako vinagandia sakafuni, nimewahi kung'oa toolbox kwa mtaimbo.

Mwenye banda la gari alipandishe hili liwe namba moja, kwake ndo bora. Bei ni dola 250 mpaka 500.

Namba tatu: la kuviringisha lenye velkro

Nisieleweke vibaya, haya ni makava mazuri na ndo yamejaa barabarani, TruXedo Lo Pro na TruXport ni ya namna hii, na kwa miezi minane ya mwaka sina neno nayo. Tena wenyewe TruXedo asili yao ni Yankton, South Dakota, sio watu wasioijua theluji. Wale Access, watengenezaji wengine wa makava, wako Jamestown, North Dakota, na Retrax wa makava magumu walianzia Grand Forks, yani biashara hii sehemu kubwa imezaliwa na watu wa hukuhuku kwenye upepo, sio watu wa Florida.

Shida ni velkro na ile mvua inayoganda ikigusa kitu. Theluji kavu haina tatizo, inapukutika. Lakini ikinyesha mvua kwenye hasi moja, maji yanapenya katikati ya vile vinyweleo na vindoano alafu yanakuwa barafu ndani kwa ndani, na hapo velkro haishiki wala haiachii. Ukiwa umefunga, haifunguki. Ukiwa umefungua na imelowa, haifungi tena, unabonyeza inateleza tu kama kanda iliyoingia vumbi, unaondoka kava linapigapiga kwenye barabara kuu kama bendera. Jirani yangu mwaka juzi alivuta kwa nguvu asubuhi ya namna hiyo, nikasikia krrrrr mpaka ndani, nikadhani velkro imefunguka. Kumbe velkro ilibaki kwenye reli, kilichoachia ni mshono, futi nne nzima.

Kama tayari unalo usilitupe. Pakaa mpira wa pembeni spreyi ya silikoni mwezi Novemba ila sio velkro yenyewe, na weka kwenye kabini chupa ya spreyi yenye spiriti ya isopropili sehemu mbili na maji sehemu moja, unapulizia kwenye ukingo, unasubiri dakika mbili tatu, unainua taratibu kuanzia kona. Usimwage maji ya moto, narudia usimwage maji ya moto, yanayeyusha yanatiririka kwenye reli yanaganda upya na sasa una tatizo jipya pale chini usipopaona.

Namba ya mwisho: la vifungo vya kubonyeza

Hapa nina kisa. Kava langu la kwanza kabisa lilikuwa la vifungo, mtumba, nilimpa jamaa dola 80 mwezi wa tisa kwenye maegesho ya duka, lilikuwa jeusi linang'aa nikajiona mjanja. Likakaa vizuri Oktoba, Novemba, Desemba, kwa sababu sikulivua. Januari rafiki akaniomba nimbebee sofa, nikavua vifungo vyote, tukabeba sofa, jioni narudisha. Upande wa kabini ukaingia. Pembeni kushoto ukaingia. Kulia, kifungo kiko hapa na tundu lake liko kule, katikati vidole vinne. Vidole vinne vizima. Turubai lilikuwa limeachiwa kwenye baridi kwa muda wa saa tatu likasinyaa na halitaki kurudi. Nilivuta mpaka kifungo kimoja kikang'oka na kipande chake.

Ikabidi niliingize ndani. Fikiria turubai la mita mbili limetandazwa sebuleni mbele ya hita, linanuka plastiki, linavuja maji yenye chumvi ya barabarani kwenye zulia, mama watoto akatoka chumbani akaliangalia muda mrefu alafu akauliza, "Baba Neema, tumehamia kwenye hema?" Saa moja baadae nikalibeba mbio nje likiwa bado lina joto nikabonyeza vifungo kama mtu anayefunga mlango simba anakuja. Likaingia. Sikulivua tena mpaka Aprili, maana yake kwa miezi mitatu nilikuwa na pikapu isiyobeba kitu kirefu.

Kwahiyo la vifungo ni la mtu asiyefungua, anataka tu theluji isijae kwenye bodi, ataliweka Oktoba atalitoa masika. Kama ndo wewe basi ni rahisi kuliko yote na hutajuta. Ila liweke siku ya joto, sio siku theluji ya kwanza imetangazwa.

Vipi yale magumu?

Sio mada lakini mtauliza. Ya kukunja ya alumini yanaanzia kama dola 800 kupanda, BAKFlip MX4 kwa mfano watengenezaji wanasema linabeba paundi 400 zikisambazwa sawasawa, kama kilo 180, theluji nyepesi halihangaiki nayo. Ila rudia ile hesabu ya Machi, kilo 270, hata lenyewe limezidiwa, kwahiyo brashi hukwepi. Ya kuteleza yanayoingia kwenye boksi mbele yana mabomba ya kutolea maji, na mabomba hayo yakiganda maji yanabaki kwenye boksi na kava linagandia humo ndani, unakuwa umelipa dola 2,000 kugandwa. Kama unabeba vifaa vya bei mbaya na unalaza gari mtaani, nunua gumu la kukunja uachane na huu uzi wangu. Wengine tuendelee.

Unapolishika dukani au kwa mtu

Mtumba kwanza, maana najua sisi. Likunje pale pale mbele ya muuzaji kwenye mikunjo yake ya kawaida uangalie mstari mweupe kwenye bawaba. Paka kidole chenye mate juu ya turubai, likiwa limepauka lina unga unga ile vinyl imeshachoka, bei yoyote ni hasara. Angalia boliti za klampu, chumvi ya barabarani ikikaa kati ya alumini na boliti ya chuma vinakulana mpaka unakuta unga mweupe na boliti haizunguki. Na pima bodi yako kwa futi kamba kutoka ndani ya ukuta wa kabini mpaka ndani ya mlango wa nyuma, usimwamini mtu anayesema "linaingia kwenye F-150 zote", kuna za futi tano na nusu, sita na nusu na nane, na kava halivutiki kama soksi.

Jipya, angalia vyuma vya kukatiza ni vingapi na vimepinda kidogo kwenda juu au vimenyooka. Nataka vilivyopinda, maji yateremke. Angalia mpira wa upande wa kabini, kona zile mbili ndo zinavuja kila siku. Hakuna kava laini lisilovuja kabisa, anayekuambia lipo anauza.

Kuishi nalo

Brashi ya sponji ya kusukuma, sio koleo, sio ile ya plastiki yenye ukwaruzo mwishoni. Sukuma kutoka kabini kuja nyuma, acha safu nyembamba ya kidole kimoja kama imeshikana na turubai, jua litamalizia. Na usiondoke na mlima juu, ikipeperuka barabarani inamfunika dereva wa nyuma kioo chote, na kuna majimbo yana sheria kabisa, New Jersey unapigwa faini ya dola 25 mpaka 75 kwa kutoisafisha gari hata kama haijamwangukia mtu, na Pennsylvania nao wana sheria ya kusafisha ndani ya saa 24 baada ya theluji kukoma.

Mara mbili kwa winta, siku ikipanda juu ya sifuri, nalimwagia maji ya kawaida kutoa chumvi kwenye reli, nakausha, alafu napaka dawa ya vinyl isiyo na mafuta ya petroli. Zile za kung'arisha tairi achana nazo, zinanyonya ulaini wa turubai.

Na wengi wanadhani kava linaleta joto. Halileti. Chini ya kava ni baridi ileile ya nje, tofauti ni kwamba hakuna upepo na hakuna theluji. Nilisahau ndoo mbili za rangi ya maji humo usiku mmoja wa Desemba, asubuhi zimeganda, zilipoyeyuka zikawa madonge madonge kama mtindi uliokatika, dola zaidi ya 60 nimemwaga. Upande mwingine, tukienda kununua mbuzi shambani na ni mwendo wa saa mbili kurudi, nyama inawekwa nyuma kwenye madeli na kava juu, inafika imegandia bila hata barafu ya kununua. Maji ya chupa na soda msiache, zinapasuka.

Mchanga je? Wengi tunaweka zile tyubu za mchanga za paundi 60 juu ya ekseli ya nyuma ili tairi zishike, pikapu tupu kwenye barafu inacheza mduara. Hapa kava lina faida ambayo muuzaji hakuambii, mchanga unabaki mkavu, na mchanga mkavu ukikwama unaukata unaumwaga chini ya tairi unatoka. Uliolowa ukaganda ni jiwe tu, hauna msaada. Zifunge na mkanda zisiteleze, zisije zikakusalimia kwenye dirisha la nyuma ukifunga breki.

Mwenye pikapu ya Tacoma au Ram aniulize vipimo, za Silverado ninazo kwa sababu ya shemeji. Na yule wa jana aliyesema amenunua la vifungo tayari na theluji inakuja Alhamisi, kaka liingize ndani leo usiku ulikaushe kwa hita, na umwambie mkeo mapema kabla hujalitandaza.